Ukungu wa viazi Umalila na namna nilivyoibana kanzidata

Ukiandika "Irish potato" kwenye kisanduku cha kutafutia cha kanzidata ya utafiti, jiandae kusoma historia. Nilikuwa nataka makala za ukungu unaochoma majani ya viazi mviringo huku Umalila, mkoani Mbeya, mvua zikikolea, nikaletewa njaa ya Ireland iliyoanza 1845, kurasa kwa kurasa. Na hapo mashine ilikuwa na haki yake, maana kimelea ni kilekile, Phytophthora infestans. Nikaondoa "Irish". Vikamiminika viazi vitamu.

Mkutubi wa chuoni, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alinitazama navyohangaika na bando langu. "Mwanangu, acha kubahatisha. Tafuta makala moja tu inayokufaa, ifungue rekodi yake, uone wenyewe wameiwekea mada gani."

"Nikishaziona, mama?"

"Tafuta kwa hizo hizo."

Ndicho nilichofanya, na mpaka leo sijaona njia inayoizidi. Chini ya ikisiri, yaani muhtasari wa makala, kuna orodha ya mada ambayo wengi tunairuka. Kwenye AGRIS, kanzidata isiyo na malipo ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mada hizo hutoka kwenye AGROVOC, orodha maalumu ya istilahi za kilimo. Makala yangu ilikuwa na Solanum tuberosum, Phytophthora infestans na fungicides. Solanum tuberosum peke yake iliviondoa viazi vitamu, kwa sababu vyenyewe ni Ipomoea batatas.

Nilikuwa nimefikiria kuweka NOT "sweet potato", yaani amri ya kuondoa kila makala inayotaja viazi vitamu. Afadhali sikuifanya tabia. NOT hutupa hata makala nzuri inayozungumzia viazi vya aina zote mbili, na hutajua kilichotupwa.

Kisha nikaunganisha. "Late blight", jina la Kiingereza la ukungu huu, na Phytophthora infestans ni ugonjwa na kimelea chake, kwa hiyo nikaweka OR (lolote kati ya hayo) katikati na kuvifungia kwenye mabano. Nje ya mabano, AND (na hili lazima liwemo) Solanum tuberosum, vinginevyo nyanya nazo zingejaa, kwani ugonjwa huu unazishambulia vilevile. Kwa dawa niliandika fungicid* yenye kinyota, ikakamata umoja, wingi na vinyambuo vyake. Alama za kunukuu kwenye "late blight" ni lazima, la sivyo kanzidata nyingi hulitafuta kila neno kivyake.

Mahali nilipaacha mwisho, na hapa nabishana na wenzangu wanaoanza na "Mbeya". Waweka mada mara nyingi huishia kwenye jina la nchi. Mbeya utaikuta ndani ya ikisiri, kama ipo. Na ukishachuja kwa Tanzania pekee, makala zinabaki chache mno, ilhali nyanda za juu za Kenya, Uganda na Ethiopia zina baridi na ugonjwa huu kama kwetu. Nilizirudisha kwa OR, nikapata za kusoma bila kuzama. Matini kamili nilizipata kupitia AGORA, mpango wa FAO unaozipa taasisi za nchi zinazoendelea majarida ya kilimo, kwenye kompyuta za maktaba.

Kuna tundu moja la njia hii: makala mpya kabisa huweza kuingia kabla hazijawekewa mada. Kwa hiyo nikimaliza kutafuta kwa mada, narudia maneno yaleyale kwenye kichwa na ikisiri, nikibana miaka miwili ya karibuni tu. Utafutaji wenyewe nimeuhifadhi kwenye akaunti. Msimamizi akiuliza nilitafutaje, nampa mstari mzima, mabano na vinyota vyake.