Bomba la hewa baridi na nguvu ya injini

Injini ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili kuunguza gramu 1 ya mafuta, kwa hiyo hewa ya ujazo uleule ikiwa nzito zaidi, mafuta mengi zaidi huweza kuungua na nguvu huongezeka. Kila hewa inapopoa kwa nyuzi 3 za Selsiasi, uzito wake huongezeka kwa karibu asilimia 1, na hiyo ndiyo faida halisi ya bomba la hewa baridi, yaani bomba linalofungwa ili injini ivute hewa ya nje badala ya hewa ya moto ya ndani ya boneti. Hata hivyo, magari mengi yanayoletwa Uganda kutoka Japani tayari huvuta hewa kutoka karibu na taa au juu ya rejeta, hivyo nyongeza ni ndogo.

Tatizo ni bomba hilo likiwa na filta ya hewa yenye umbo la koni inayofungwa wazi ndani ya boneti. Katika foleni ya Kampala mchana, filta hiyo huvuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na injini, na dereva hupata mngurumo tu. Vumbi la barabara za murram hunitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa likipenya hukwangua kuta za silinda, na filta ya pamba iliyopakwa mafuta kupita kiasi huchafua sensa inayopima hewa.

Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10, na pengo hilo huzibwa na turbo, kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, si bomba. Kabla ya kununua chochote, fungua kisanduku cha filta na uikague kwenye mwanga; ikiwa imeziba, ibadilishe kwanza.