Mishipa ya limfu katika upandikizaji wa figo

Tangu Hospitali ya Mulago ilipofanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Uganda, Desemba 2023, limfu, yaani majimaji ya mwili yanayopita katika mishipa yake yenyewe, haizungumziwi vya kutosha. Daktari anapoifunua mishipa mikubwa ya damu ya nyonga ili aiunganishe na figo mpya, hukata vijishipa vya limfu vinavyoizunguka, vyembamba, karibu visivyo na rangi, ambavyo visipofungwa huvuja hadi majimaji yakusanyike na kubana mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu. Vidogo huweza kuzibwa kwa joto la umeme. Vinene, kwa maoni yangu, vinastahili uzi, kimoja kimoja, hata upasuaji ukirefuka, kwa sababu uvimbe huo mara nyingi hujitokeza wiki kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa ameshakwenda kwao Gulu au Arua, mbali kaskazini mwa nchi.