Nondo wa Jani la Mparachichi

Leo asubuhi ametoka. Nimemkuta ametulia kwenye kitambaa cha chandarua nilichofungia mdomo wa chupa, nikadhani ni kipande cha jani kavu. Ni mdogo, hafikii hata ukucha wa kidole changu cha mwisho. Amelaza mabawa mgongoni, mabegani yametanuka, kwa hiyo ukimtazama kutoka juu ana umbo la kengele. Rangi yake ya chai ya maziwa, na mstari wa kahawia umekatiza mshazari.

Nilimchukua siku ya mvua, shambani kwa shangazi hapa Tukuyu. Nilikuwa napalilia miparachichi michanga nikaona machipukizi kadhaa yamejikunja kama tumbaku ya kusokota. Nilipofunua moja, kiwavi wa kijani alirudi kinyumenyume kwa kasi, akajirusha, akabaki ananing'inia kwenye uzi wake.

"Lete bomba tupulize," shangazi akasema.

"Shangazi, naomba kwanza tumjue."

Alinikubalia, ingawa alikuwa na wasiwasi, nami nilikuwa nao. Tunasikia habari za nondo anayeitwa Thaumatotibia leucotreta, ambaye Ulaya imemweka kwenye orodha ya wadudu wa karantini, yaani wanaozuiwa kuingia na mazao. Ni wa ukoo huuhuu, Tortricidae, wenye spishi zaidi ya 10,000. Lakini kiwavi wa yule hutoboa matunda, na akishiba hushuka ardhini kujifanya pupa, ile hatua ya kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa nondo. Huyu wetu alikula jani, akalala ndani ya jani. Hapo moyo ulitulia. Kumtaja hadi jina la spishi ni kazi ya darubini, kwa kuwa wengi wa ukoo huu hutofautishwa kwa viungo vyao vya uzazi. Mimi nimeishia kwenye ukoo.

Nilimpa jani jipya nikakaa kumtazama, na sitasahau. Alipeleka kichwa huku na huku kama mtu anayeshona mkeka, akibandika uzi wa hariri ukingo huu na ule, na kila uzi ukazidi kuzisogeza kingo. Usiku ule akawa na nyumba. Kilichonishangaza zaidi ni usafi wake. Vinyesi nilivikuta mbali, chini ya chupa, si ndani ya jani. Kumbe viwavi wengi wa ukoo huu wana kitu kama kichana kidogo nyuma, cha kurushia kinyesi nje. Nimepalilia mashamba haya tangu utotoni, na nilikuwa sijawahi kumchungulia mmoja wao akiwa kazini.

Kisha akanyamaza, akawa pupa ya kahawia. Leo ganda lake limechomoza nusu nje ya jani. Mgongoni lina safu za miiba midogo. Kwa hiyo alijisukuma nje kidogokidogo kabla ya kupasua ganda na kuruka. Ukikuta ganda limesimama hivyo kwenye jani lililokunjwa, ujue mwenye nyumba ameshaondoka. Mayai ya wenzake nayo nilishayaona kwenye jani kubwa: bapa, yamepandana kama magamba ya samaki.

Kuhusu bomba, nimemweleza shangazi kwamba kiwavi aliyejifungia namna ile dawa humfikia kwa shida, ila nyigu wadogo wanaomla huwamwagikia moja kwa moja. Ushahidi ninao. Kiwavi wa pili, niliyemweka chupa yake, hakufika kuwa pupa. Siku ya nne alikuwa amesinyaa, na pembeni yake kuna kifukofuko cheupe kama punje ya mchele. Ni cha nyigu aliyekulia ndani ya mwili wake.

Chupa hiyo nimeilaza wazi chini ya mti, mahali mvua haingii. Shangazi sasa anapita mche kwa mche, anafunua majani yaliyokunjwa kwa vidole, na kila mara ananiita: "Mwanangu, njoo uone. Huyu naye ana nyigu?"