Nilivyoiua bruchi ya Coro kwa maji na sabuni

Bruchi yangu ya kwanza, pambo la kubandika nguoni kwa pini, ilikufa mikononi mwangu. Niliinunua Brimfield, Massachusetts, kwenye gulio la vitu vya kale linalotandazwa kandokando ya barabara mara tatu kwa mwaka: Mei, Julai na Septemba. Ilikuwa ua dogo la Coro, iliyokuwa kampuni ya mapambo ya bandia, lenye vijiwe vyeupe vya kioo, chafu kwelikweli. Nikailoweka usiku kucha kama maharage. Kulipokucha, nusu ya vijiwe vilikuwa vyeusi.

Kumbe vijiwe vile having'ai vyenyewe. Mgongoni mwa kila kimoja kuna utando mwembamba wa rangi ya fedha unaorudisha mwanga. Maji yakipenya chini ya jiwe, utando unababuka, na jiwe likishaingia weusi ndiyo basi tena. Siku hizi nasugua kwa mswaki mkavu wa mtoto. Pakiwa na ukaidi natumia pamba iliyoguswa maji kidogo, huku bruchi nimeiinamisha uso chini ili unyevu usitiririke kwenye vijiwe. Na yenye kutu ya kijani hailali na wenzake.

Kununua nako kulinifunza kutazama mgongo kabla ya uso. Muuzaji mmoja alinitajia dola 90 kwa bruchi ya umbo la jani ya Trifari, kampuni nyingine ya mapambo ya bandia, "la wakati wa vita." Nikatoa lenzi. Taji dogo juu ya herufi T nililiona, lakini pembeni palikuwa na alama ya ©. Mwaka 1955 mahakama ya Marekani iliikubalia Trifari kwamba pambo la bandia ni kazi ya sanaa inayolindwa na hakimiliki, na alama ile ikaenea baada ya hapo. Tena, wakati wa Vita Kuu ya Pili madini ya kawaida yalitakiwa na jeshi, kwa hiyo mafundi walitumia fedha na kugonga neno "Sterling". Hapa halikuwepo. Tulipatana dola 35, na wala hakununa.

Kuvaa ndiko kulikonisumbua zaidi. Hereni za kubana ni nzuri kwa picha. Baada ya saa mbili masikio yanawaka moto. Bruchi nzito kwenye ushungi wa hariri inauvuta wote upande mmoja, na ikikaa sana inauchana. Nikaanza kuweka kipande cha kitambaa kizito kwa ndani, pini ishike hapo.

Mama yangu, Tanga, aliniona kwenye simu ya video nikiwa nimejipamba.

"Mwanangu, hiyo dhahabu?"

"Hapana mama, bandia."

"Bei gani?"

Nikamwambia. Akanyamaza, kisha akauliza kama kioo hicho huku kwetu sonara atakipokea.

Ile Coro sijaitupa. Majira ya baridi naibandika kwenye koti jeusi, upande wenye vijiwe vyeusi ukiwa chini, karibu na kifungo.