Reli za Ghana zote zinateremka baharini

Juzi usingizi uligoma nikajikuta naangalia ramani ya reli za Ghana, ile ya enzi Waingereza wanaiita Gold Coast. Jamani, dakika mbili tu na huhitaji mwalimu wa historia. Reli inaanzia Sekondi pwani, 1901 imefika Tarkwa kwenye dhahabu, ikasogea Obuasi kwenye dhahabu tena, 1903 iko Kumasi. Baadaye ikaja nyingine kutoka Accra, nayo ikapita kwenye kakao mpaka Kumasi hukohuko. Kaskazini, Tamale na kuendelea, hamna kitu, huko walikuwa wanachukua vijana tu waje kuchimba, tena wengi walishuka kwa miguu.

Halafu kuna katawi kadogo kanachomoka Dunkwa kwenda Awaso. Hako kalijengwa wakati wa Vita ya Pili ya Dunia kwa sababu Uingereza ilikuwa na njaa ya boksiti, ule udongo wa aluminiamu, ndege zilikuwa zinahitajika.

Hapa kwenye boksiti ndo nataka tukae kidogo. Uhuru umekuja 1957, Nkrumah akapiga hesabu ambayo hata leo naiona safi: mto Volta tunao, boksiti tunayo, tujenge bwawa, tupate umeme, tuyeyushe aluminiamu yetu wenyewe kuanzia mgodini mpaka sufuria. Shida hela. Ikabidi aende kwa Benki ya Dunia, na awaite Kaiser, kampuni ya aluminiamu ya Marekani, waje wajenge kiwanda pale Tema, kikaitwa Valco, Kaiser akichukua asilimia 90 ya hisa. Wakaja, ila na masharti yao: umeme wa bei ya kutupa, mkataba wa miaka 30, na malighafi wanaleta wao. Yaani boksiti ya Awaso ikaendelea kupakiwa melini Takoradi iende zake, huku alumina, yaani boksiti iliyokwisha kusafishwa, inatoka nje kwa meli inashushwa Tema, nchi hiyohiyo, pwani hiyohiyo. Nilicheka kwanza nikidhani nimesoma vibaya.

Na bwawa lenyewe si mchezo, watu kama 80,000 walihamishwa kupisha maji. Bwawa hilo, Akosombo, likazinduliwa Januari 1966, tarehe 24 Februari Nkrumah kapinduliwa, hata umeme hajaufaidi. Bei ya ule umeme imekuja kujadiliwa upya mwaka 1985.

Kuna watakaosema mzee alizubaa, mi sikubali. Ukiwa unauza kakao, na bei ya kakao anapanga mwingine, unakwenda mezani na nini mkononi? Mwaka 1965 bei ikaanguka vibaya, ndo hela yenyewe hiyo ya kujengea nchi.

Ila tusimsukumie mkoloni kila kitu. Ile bodi ya kununua kakao aliianzisha yeye 1947, mkulima anapangiwa bei, faida inayobaki inakaa huko juu serikalini. Sasa kaondoka, kiti si kimebaki? Serikali zikaja moja baada ya nyingine zikakikalia. 2024 kakao imepaa kupita dola 10,000 kwa tani huko sokoni, mkulima wa Ghana anasikia redioni tu, kwa sababu sehemu kubwa ya mavuno ilishauzwa mapema kwa bei ya zamani na bei ya shambani anapangiwa. Wengine wakaona bora wavushe magunia usiku kwenda Togo na Ivory Coast, na siwalaumu.

Madeni sitaki hata kuingia sana, Desemba 2022 Ghana ilisimamisha kulipa sehemu kubwa ya deni la nje, Mei iliyofuata IMF wakatoa mkopo wa dola bilioni 3, programu ya 17 hiyo.

Eti na Valco? Serikali ilikuja kununua hisa za Kaiser 2004. Na kale katawi ka Awaso kalichakaa, boksiti ikahamia kwenye malori. Nikayafuatilia kwenye ramani yanaelekea wapi. Takoradi, bandarini.