Tulivyompeleka Mjusi Mtwara

Aliyekulia Lindi lazima amesikia habari za mjusi, yaani dinosaria wa Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wetu. Walioshika majembe walikuwa watu wa huku, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na watu wa huku ndio walioibeba mifupa ile kwa miguu siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Mjusi mmoja amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin tangu mwaka 1937, kimo chake zaidi ya mita 13. Mimi ni katika wanaoamini kwamba Lindi inastahili angalau nakala yake nzima, watoto wetu wasimame chini yake waangalie juu. Basi nilipoamua kwenda kushindana Mtwara sikuhangaika kuchagua fungu la karata. Nilikwenda na la mijusi.

Mchezo wenyewe unaitwa Magic: The Gathering. Aliubuni Mmarekani msomi wa hisabati, Richard Garfield, ukaingia sokoni mwaka 1993. Kwa aliyezoea arubastini au lasti kadi, kitu cha kwanza cha kushangaza ni kwamba hapa hamgawani karata kutoka fungu moja. Kila mtu anakuja na fungu lake, amelipanga mwenyewe nyumbani: karata zisizopungua 60, na karata ya jina moja zisizidi nne, isipokuwa zile za ardhi za kawaida. Ardhi ndiyo inayokupa nguvu ya kulipia karata nyingine. Ukiweka ardhi chache, utakaa na majitu mkononi huna uwezo wa kuyashusha. Ukizidisha, utashusha ardhi tu huku mwenzako anakuchapa. Kila mmoja anaanza na uhai 20, na ukiisha umefungwa.

Kupanga fungu ndiyo nusu ya utamu. Kuna usiku nimekaa na karata mbili mkononi mpaka adhana ya alfajiri, nimeshindwa kuamua ipi iingie na ipi itoke.

Lindi tunaocheza ni wachache: mwalimu wa sekondari, fundi simu, dada mmoja muuguzi, na mimi. Karata nyingi zilitoka kwa mwalimu, ambaye ndugu yake aliishi nje akamwachia boksi zima. Shida yetu kubwa ni hewa ya bahari. Karata zile zinazong'aa huvuta unyevu zikajikunja kama ganda la mgomba, na iliyojikunja hata ukiichanga vipi na wenzake inajulikana iko wapi. Fundi ndiye aliyetuokoa. Alikusanya vile vipakiti vya kukaushia unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya simu na viatu, akavipanga katika kopo la maziwa lenye mfuniko wa kubana, karata katikati. Ziliponyooka, kila mmoja wetu akawa anaokota vipakiti popote anapopita.

Muuguzi alikuwa zamu, kwa hiyo tuliondoka watatu. Kutoka Lindi hadi Mtwara ni kilomita mia moja na kitu, lami. Tulipanda kosta ya asubuhi, kopo nimelipakata. Kabla hatujafika mbali mwalimu akataka kuhesabu ardhi zake upya, akazitandaza juu ya begi. Bibi mmoja aliyeketi ng'ambo ya pili akatutazama, akanyamaza, akatutazama tena.

"Shikamoo bibi," nikamwahi.

"Marahaba. Wajukuu zangu, hiyo kamari mnakwenda kuchezea wapi?"

Nikamweleza kwamba hapawekwi hela, ni mashindano ya akili kama bao. Hakuridhika. Nikafungua kopo nikamtolea karata moja, Ancient Brontodon, yenye picha ya mjusi mkubwa. Akaisogeza karibu na macho, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Huyu si yule wa Tendaguru?"

"Wa jamii yake, bibi."

"Wazee wetu walimbeba huyu. Kichwani." Akairudisha kwa mikono miwili. "Haya, msimwangushe."

Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi inapoachana na ya Mtwara, tulinunua ming'oko ya kuchemsha dirishani, na chumvi yake yenye pilipili katika karatasi. Fundi alikatazwa kugusa karata mpaka anawe. Baada ya hapo ni mikorosho, minazi na vijiji, hadi barabara inapoteremkia Mikindani na ghuba yote inafunguka mbele yako, maji yametulia, mashua na ngarawa zimelala ufukoni. Nimepita pale mara nyingi na bado huwa nageuza shingo.

Mashindano yalikuwa barazani kwa mwenyeji wetu, mtaa wa Shangani. Tulikuwa wachezaji wanane, na kwa wanane raundi tatu zinatosha kumpata bingwa. Raundi ya kwanza mnapangwa kwa kura. Kuanzia ya pili aliyeshinda anakutana na aliyeshinda, aliyefungwa na aliyefungwa, na hakuna anayerudishwa nyumbani mapema. Utaratibu huu naupenda kuliko ule wa mtoano, maana mtu aliyetoka Lindi asubuhi hawezi kucheza robo saa akaambiwa kwaheri. Kila pambano ni dakika 50, anayeshinda michezo miwili ndiye mshindi. Uhai tuliuhesabu kwa komwe. Mwenyeji alileta mfuko wa kete zake za bao, kila mtu akahesabiwa 20, na ukipigwa unazisukuma katikati ya meza. Nakwambia, kuona komwe zako zinapungua kunauma kuliko kufuta namba kwenye karatasi.

Raundi ya kwanza nilicheza na mwanafunzi wa chuo na nikamaliza upesi, ardhi zake zilikataa kutoka. Ya pili nikapangwa na kijana wa Mikindani mwenye fungu la maharamia. Maharamia na mijusi wanatoka toleo moja, Ixalan la mwaka 2017, na ni mahasimu humo ndani. Maharamia ni wepesi, wanakuchoma tangu zamu za mwanzo. Mijusi ni wazito, wanataka ardhi nyingi. Akashinda wa kwanza, nikashinda wa pili.

Mchezo wa tatu nilibaki na komwe tatu, yeye tisa. Mbele yangu alisimama Ripjaw Raptor peke yake, mjusi ambaye kila akijeruhiwa anakuruhusu kuvuta karata. Kijana akaja na maharamia wawili kwa pamoja. Alijua nikimzuia mmoja, wa pili atapita. Akapita kweli, nikasukuma komwe mbili, ikabaki moja. Lakini yule niliyemzuia alimjeruhi Raptor kabla ya kufa. Nikavuta karata. Nikaifunua taratibu kwa kidole gumba. Ancient Brontodon.

Karata hiyo haitafutwi na mtu. Haina ujanja wowote ulioandikwa juu yake, inalipiwa nguvu nane, na wachezaji wengi wa nje wangeiacha kwenye boksi. Ina tisa za kupiga na tisa za kustahimili, basi. Nilikuwa na ardhi nane mezani. Zamu yangu ilipofika nikazilaza zote kumlipia, nikamshusha. Mwalimu, ambaye pambano lake lilikuwa limekwisha, akasimama nyuma yangu bila kusema kitu.

Tangu hapo mambo yakageuka. Kila zamu nilimtuma Brontodon mbele, Raptor akabaki kunilinda, na kila zamu kijana alilazimika kumtoa haramia mmoja amzuie, kwa sababu kipigo kimoja cha tisa kingemaliza komwe zake zote. Alileta mmoja, akafa. Akaleta mwingine. Kisha akavuta ardhi, akavuta ardhi tena, meza yake ikawa tupu. Alizisukuma komwe tisa kwa mkono mmoja, akanipa mwingine. "Kaka, huyo mjusi wenu ana haki yake," akasema.

Tulikula samaki wa kukaanga na ugali wa muhogo, tukarudi mezani kwa raundi ya mwisho.

Huko nilikutana na dada mhasibu wa chama cha msingi cha korosho, mwenye fungu la nguva. Nguva zake zilianza ndogo, kisha zikawa zinaongezewa nguvu moja moja, na kila nyongeza aliiwekea alama kwa korosho ghafi juu ya karata. Baadhi hazizuiliki kabisa. Nilimshusha Brontodon mapema kuliko raundi iliyopita na haikusaidia kitu, alisimama pale hana wa kumzuia huku nguva zenye korosho nne nne zikipita kandokando yake. Alinifunga michezo miwili mfululizo, kwa hesabu safi. Niliuliza namna alivyopanga ardhi zake, akanionyesha karata moja moja bila kuficha. Nilijifunza kwake kuliko nilivyojifunza miezi mingi ya kucheza na wale wale wa nyumbani.

Zawadi zilikuwa karata tulizochangia wenyewe, bingwa anachagua kwanza. Mhasibu, aliyeshinda zote tatu, alichagua nguva, kama ilivyotarajiwa. Mimi nikachukua mjusi mwingine, Colossal Dreadmaw aliyechakaa pembeni, kisha tukaanza kubadilishana mpaka mwenyeji akawasha taa. Fundi alimpa kijana wa Mikindani haramia wawili kwa karata moja ya ardhi, msitu wenye picha aliyoitafuta muda mrefu, na wote wawili waliondoka wakiamini wamepata.

Tumekubaliana zamu ijayo iwe Lindi, msimu wa korosho ukishaisha, maana minada ikianza mhasibu hatoki ofisini. Anayecheza aje na fungu lake. Asiye nalo mwalimu atamwazima, na vipakiti vya kukaushia vinapokelewa kutoka kwa yeyote.