Kipande kilichobaki

Jana usiku mwanangu alibana tochi ya simu nyuma ya kidole, akaniita: "Mama, mbona kinawaka chekundu?" Nikamweleza kuwa damu humeza rangi nyingine za mwanga na kuiachia nyekundu ipite. Akaridhika. Mimi mawazo yakanirudisha Ujerumani, kwa yule mgonjwa wa glioblastoma, saratani ya ubongo.

Dawa alikunywa alfajiri. Chupa moja ya dawa hiyo, 5-ALA, ni unga wa gramu 1.5, unaoyeyushwa kwa mililita 50 za maji. Kipimo ni miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Yeye alikuwa na kilo 70, kwa hiyo alipata mililita 47, saa tatu kabla ya nusu kaputi. Ratiba ikichelewa kwa zaidi ya saa 12, operesheni huahirishwa na dawa hutolewa upya. Mapazia pia yalifungwa, kwani kwa saa 24 ngozi na macho havitakiwi kupigwa na mwanga mkali.

Seli za uvimbe huigeuza dawa hiyo kuwa kemikali iitwayo protopofirini IX, nayo hurundikana humo. Ikimulikwa kwa mwanga wa buluu wa nanomita 400 hivi, hutoa mwekundu wa karibu 635.

Chini ya mwanga mweupe, shimo lililoachwa na uvimbe lilionekana safi. Daktari akaomba taa zizimwe, akabonyeza kitufe cha hadubini. Ubongo ukawa buluu, damu ikawa nyeusi. Damu ndiyo adui hapo, maana utando mwembamba tu unatosha kuficha kila kitu. Tukamwagia maji ya chumvi, akafyonza, tukamwagia tena. Kisha akainua ukingo wa tishu uliokuwa umening'inia, na nyuma yake pakawaka: katikati wekundu mzito, pembeni rangi ya juisi ya rozela iliyozidishiwa maji. Ule mzito akautoa wote, sampuli zikaenda maabara.

Pakabaki ule uliofifia, ukielekea kwenye nyuzi za neva zinazoendesha mkono. Kuutazama kwa muda mrefu haifai: dakika 25 hivi za mwanga wa buluu hushusha mng'ao hadi kama theluthi. Akagusa kwa kichokoo cha umeme. Kwa miliampea 3 msuli wa kidole gumba ukajibu, maana yake nyuzi zilikuwa umbali wa takriban milimita 3. Akaweka chini bomba la kufyonza na kuomba taa ziwashwe.

Katika utafiti wa Walter Stummer na wenzake wa 2006, uvimbe unaoonekana kwenye MRI (picha za ndani ya mwili) uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya waliopewa 5-ALA, dhidi ya 36 kwa mwanga mweupe pekee. Ugonjwa ulichelewa kurudi, lakini tofauti ya urefu wa maisha haikuthibitika. Takwimu hizo nazithamini sana, ila hazisemi lolote kuhusu milimita 3 za mtu mmoja.

MRI ya baada ya operesheni haikuonyesha mabaki, kwa sababu mng'ao hafifu mara nyingi huvuka mpaka ambao MRI inauona. Faili likaandikwa uvimbe wote umetolewa. Mgonjwa alishika kikombe kwa mkono uleule. Nadhani daktari aliamua vyema, ingawa zipo siku nakuwa upande wa wanaosema angethubutu milimita moja zaidi.